Vichanga wanafika wodini na joto la 35.6, na watumishi wanajua kila kitu. Joto linapotelea wapi?

Sista_Nyanda

Habari za kazi wanajukwaa. Naomba mawazo ya wakunga, madaktari wa watoto na mafundi wa vifaa tiba.

Ni kituo cha afya cha nyanda za juu kusini, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni baridi ni ya kweli: chumba cha kujifungulia asubuhi kinasoma nyuzi 17 hadi 19. Na sizungumzii njiti. Ni watoto wa kilo 2.8, kilo 3, kilo 3.3, wamelia vizuri na wameanza kunyonya. Wakipokelewa wodi ya wazazi, kama saa moja na nusu baada ya kuzaliwa, kipimajoto kinasoma 35.4, 35.6, akibahatika 36.1.

Kinachonichanganya ni kwamba ujuzi upo. Watumishi walipewa maswali ya maandishi na karibu wote wakapata: joto la kawaida ni 36.5 hadi 37.5, mtoto akaushwe mara moja, awekwe ngozi kwa ngozi, asiogeshwe kabla ya saa 24. Ukisimama leba ukatazama, hayo yote yanafanyika, au yanaonekana kufanyika.

Vifaa vilivyopo: woma moja (ile meza ya mtoto yenye hita juu), huwashwa mtoto asipolia, hita ya umeme moja, mizani ya bakuli la chuma, kipimajoto cha kidijitali kimoja na vya zebaki viwili. Nguo ni kanga anazokuja nazo mama.

Joto linapotelea wapi? Chumba kifikishwe nyuzi ngapi? Na mtoto akishapoa, yupi wa kupashwa hapa hapa na yupi wa rufaa? Hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa mbili kwa barabara ya vumbi.

---

MwalimuMkunga

Sista, karatasi ya maswali hupima mtu anajua nini. Haipimi mkono wake unashika nini kwanza. Simama leba na saa, usiingilie kazi, na usitumie fomu ya ndiyo/hapana. Andika dakika tu: mtoto katoka saa ngapi, kanga ya kwanza imeondolewa saa ngapi, kagusa ngozi ya mama saa ngapi, kaondolewa kifuani saa ngapi na kwa kazi gani, karudi saa ngapi. Fomu ya ndiyo/hapana itakuonyesha watu wanaofanya vizuri kila kitu. Dakika zitakuonyesha mengine.

Kichanga aliyelowa maji ya uzazi asipofanyiwa lolote anaweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 katika dakika 10 hadi 20 za mwanzo. Kwa hiyo huyo wako wa 35.6 hakupoa koridoni wala wodini. Alipoa leba, pengine kondo la nyuma likiwa bado halijatoka, na saa nzima iliyofuata mwili wake umekuwa ukihangaika kurudi ulikotoka.

Anza kwa kuangalia kanga. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani. Haifyonzi maji, inayasambaza tu mwilini. Wajawazito waambiwe kliniki mapema: kanga za kujifungulia zifuliwe angalau mara mbili, zianikwe juani, zipigwe pasi. Pea mbili ni vipande vinne, na vinne vinatosha. Tatizo ni kwamba kipande kimoja kinafanya kazi mbili. Mtoto anakaushwa kwa kanga, halafu anafunikwa kwa kanga ile ile. Ukimuuliza mhudumu atasema amemkausha, na hasemi uongo. Maji yametoka kwenye ngozi yakaingia kwenye kitambaa, na kitambaa kimebaki mgongoni kwa mtoto kinaendelea kukauka kwa joto lake.

Kisha kichwa. Watu hukausha kifua na mgongo kwa bidii kwa sababu ndiko kunakomchochea mtoto alie, kichwa kinapitiwa juu juu. Kichwa cha kichanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na nywele zikilowa zinakaa na maji muda mrefu. Kausha kichwa, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Ule utando mweupe usisuguliwe, uacheni.

Halafu hiyo ngozi kwa ngozi. Tazama vizuri: mara nyingi mtoto amefungwa kitenge mpaka shingoni, kalazwa juu ya gauni la mama, na ndani ya gauni kuna sweta. Hiyo ni nguo kwa nguo. Mama avuliwe sweta na sidiria kabla hajaanza kusukuma, maana mtoto akishatoka hakuna mwenye mkono wa kufanya hivyo. Avae gauni au kanga inayofunguka mbele. Mtoto awe uchi kifuani, kofia kichwani, kanga kavu mgongoni, kisha blanketi lifunike wote wawili.

Mama mwenyewe naye ni sehemu ya tatizo, na hili vitabu huligusa kidogo sana. Amelala juu ya makintoshi (shuka la mpira) baridi, shuka limelowa maji na damu, miguu iko wazi. Mama anayetetemeka hampashi mtu. Shuka lililolowa litolewe mara tu kondo likitoka, afunikwe miguu, apewe uji au chai ya moto.

Mwisho ni mizani. Daftari la leba lina safu ya uzito, na kila mtu anataka kulifunga daftari mapema, kwa hiyo dakika ya tano mtoto anang'olewa kifuani akalazwe kwenye bakuli la chuma. Akiwa huko huko anapigwa vitamini K, anapakwa dawa ya macho, anafungwa kitambulisho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomhitaji kabla ya saa ya kwanza kupita. Kitovu kinabanwa na kukatwa akiwa kifuani, kati ya dakika 1 na 3. Oksitosini (sindano ya kuzuia damu kumwagika) anachomwa mama, mtoto hahusiki. Hata msamba unashonwa mtoto akiwa kifuani, na mama akipewa ganzi vizuri hatamdondosha. Baada ya saa moja, mizani itandikwe kitambaa kilichopashwa, irudishwe kwenye sifuri, ndipo mtoto apimwe upesi na kurudi.

---

FundiVifaaTiba

Nachukua upande wa chumba na vifaa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 au zaidi, bila upepo unaopita. Nyuzi 18 ni nzuri kwa mkunga aliyevaa koti na aproni. Kwa mtu aliye uchi na amelowa ni hatari. Kipimajoto cha chumba kitundikwe usawa wa kitanda, mbali na hita. Kikitundikwa juu ya mlango kitasoma hewa ya darini na kuwadanganya.

Kabla hamjaomba hita nyingine, shughulikieni dirisha. Vituo vingi vina vioo vya luva ambavyo havifungi sawasawa, na kimoja au viwili vimeshavunjika. Washa mshumaa karibu na dirisha, mwali ukilala hapo ndipo upepo unapoingia. Karatasi nene ya nailoni iliyobanwa kwenye fremu kwa miezi ya baridi inafanya kazi kubwa kwa hela ndogo. Mlango uwe na pazia zito, maana leba mlango haukai umefungwa.

Kitanda kivutwe mbali na ukuta wa nje na dirisha. Mwili hupoteza joto kuelekea ukuta baridi hata kama hewa iliyo katikati ni ya vuguvugu, ndiyo sababu unaweza kusoma 25 kwenye kipimajoto na mtoto akaendelea kupoa.

Hita ya umeme ya wati 2,000 kwenye chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari, hesabuni saa moja au zaidi, kwa kuwa kuta za tofali nazo zinakunywa joto. Iwashwe mama akiingia leba, isisubiri kichwa kionekane. Ile ya feni isielekezwe kitandani, upepo wa vuguvugu bado ni upepo na unamkausha mtoto. Jiko la mkaa hapana, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa nusu wazi. Gesi yake ni sumu isiyo na harufu, na mle ndani kuna oksijeni na spiriti.

Woma kuwashwa mtoto asipolia ni sawa na kuanza kuchota maji nyumba ikishashika moto. Godoro lake linahitaji dakika 15 hadi 20 kupata joto. Mtoto asiyepumua ana dakika moja ya kuanza kupumulishwa, kwa hiyo atalazwa juu ya godoro baridi na ambu (mfuko wa kumpumulishia) itaanza kazi hapo. Iwashwe kila mama anapofikia njia kufunguka yote, na hapo hapo juu yake ziwekwe kanga mbili za mtoto zipate moto. Hivyo woma inamfaa kila mtoto, hata yule ambaye hatailalia.

Makosa ya woma ninayoyajua:

Kuiacha kwenye hali ya mkono. Hapo hita haijui mtoto ana nyuzi ngapi, inawaka kiasi ulichoiwekea. Mtu lazima awepo na apime joto kila baada ya dakika 15. Kwenye hali ya kujiendesha inafuata kihisio cha ngozi, kawaida huwekwa 36.5.

Kihisio kubandikwa vibaya. Kiwe tumboni upande wa kulia, juu ya ini, pasipo mfupa, na kifunikwe na kile kibandiko kinachong'aa. Mtoto asikilalie, kikilaliwa kinasoma juu na hita inazima. Kikibanduka kinasoma hewa, mashine inaamini mtoto amepoa, inaongeza moto na kumuunguza. Plasta nyeupe ya kawaida haikai kwenye ngozi yenye utando.

Kufunika mtoto blanketi chini ya woma. Miale inapasha blanketi, mtoto anabaki vile vile.

Sasa vipimajoto. Vile viwili vya zebaki havianzi chini ya 35. Mtoto wa 34.2 atasomeka 35, au zebaki haitapanda na muuguzi ataandika 35 kwa kudhani kifaa kimekwama. Mnahitaji kinachosoma chini zaidi. Vingi vya kidijitali hufika 32, chini ya hapo vinaandika "Lo", na neno hilo lisichukuliwe kama betri imeisha. Ni baridi kali mpaka itakapothibitishwa vingine. Vya zebaki visiwasumbue tena, makubaliano ya Minamata yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza nje. Na zile bunduki za paji la uso zilizobaki toka enzi za Uviko, msizitumie kwa kichanga leba. Paji lenye unyevu husoma chini.

Kupima: kwapa likaushwe, ncha iingie juu kabisa katikati ya kwapa, mkono wa mtoto ubanwe ubavuni mpaka mlio. Asipimwe kwa njia ya haja kubwa.

---

NesiZamu

Yote mazuri, lakini tuseme ukweli wa usiku. Muuguzi mmoja, wazazi watatu, mmoja anatokwa damu. Huyo wa kupima joto kila dakika 15 atatoka wapi? Ndiyo maana mtoto akilia tu anafungwa kitenge na kuwekwa pembeni.

---

MwalimuMkunga

Nesi, hoja yako ni ya haki, na ndiyo sababu ngozi kwa ngozi inamfaa sana aliye peke yake: mama anakuwa mhudumu wa pili. Mtoto wa pembeni anahitaji mtu wa kumwangalia. Aliye kifuani anaangaliwa na mwenye macho ya karibu kuliko wewe.

Usiongeze kazi mpya, iambatanishe na iliyopo. Saa ya kwanza unampitia mama kila dakika 15 kuangalia damu na kukamata tumbo la uzazi. Mkono ule ule, ukiwa mkavu na wa vuguvugu, umguse mtoto nyayo kisha tumbo. Tumbo na nyayo vyote vya vuguvugu, endelea. Tumbo vuguvugu na nyayo baridi, ameanza kupambana na baridi: angalia kitambaa kilicholowa, kofia, blanketi. Vyote viwili baridi, amepoa tayari, pima kwa kifaa na uchukue hatua. Ni sekunde kumi. Angalia pia anapumua vipi, shingo iko wapi na midomo ina rangi gani, kwa sababu mtoto aliye kifuani mwa mama aliyechoka na kusinzia anaweza kuziba pua bila mtu kujua.

Kugusa hakuchukui nafasi ya kipimajoto. Ila kipimajoto kitumike mara moja ambayo haikosi: mtoto anapotimiza saa moja, kabla ya mizani. Namba iandikwe kwenye kadi na kwenye ubao wa leba. Wodi ya wazazi isimpokee mtoto asiye na namba hiyo. Mkishaziona za wiki nzima zimepangana ubaoni, hakuna atakayehitaji hotuba.

---

DaktariWaVichanga

Swali la yupi apashwe hapo na yupi aende.

Kwanza madaraja: 36.0 hadi 36.4 ni baridi ya mwanzo, 32.0 hadi 35.9 ni ya wastani, chini ya 32 ni kali. Jina "wastani" limepoteza watu wengi, linasikika kama jambo la kusubiri. Utafiti wa Sarlahi, Nepal, uliochapishwa 2010, ulionyesha hatari ya kifo inapanda kwa takriban asilimia 80 kwa kila nyuzi moja inayopungua kwenye kipimo cha kwanza. Na si ugonjwa wa nchi za theluji: tathmini ya mwaka 2013 iliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali ilikuta asilimia 32 hadi 85 ya waliozaliwa hospitali wamepoa, wakiwemo wa maeneo ya joto. Dar nako wanapoa, feni tu inatosha.

Kwa nini ni hatari? Kichanga hatetemeki kama sisi. Anachoma mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni, shingoni na kuzunguka figo, na kuyachoma kunakula oksijeni na sukari. Ndiyo maana mtoto aliyepoa anaanza kupumua kwa shida, kisha sukari inashuka, kisha analegea na hanyonyi, na asiponyonya hana tena cha kuchoma. Njiti ana mafuta hayo kidogo sana, ngozi yake ni nyembamba, anafika huko mapema.

Kituoni kwenu, mtoto wa 35.5 hadi 36.4 anayenyonya na kupumua vizuri: ondoa kila kilicholowa, ngozi kwa ngozi, kofia kavu, soksi, blanketi lililopashwa, anyonyeshwe hapo hapo, chumba kiwe 25. Pima tena baada ya saa moja. Anayepashwa vizuri hupanda angalau nusu nyuzi kwa saa. Akipanda, endelea kupima kila saa mpaka avuke 36.5, kisha usimtoe mapema kifuani, wengi hushuka tena wakivalishwa na kulazwa peke yao.

Chini ya 35.5, mpashe vile vile na pima sukari. Ikiwa chini ya 2.6 (mmol/L) na anaweza kunyonya, anyonye au apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Akiwa hawezi, tumia mrija. Ikiwa chini ya 1.4, au hana nguvu kabisa, ni glukosi ya asilimia 10, ml 2 kwa kila kilo, polepole kwa dakika 5 kwenye mshipa. Chupa za asilimia 50 zisipewe kichanga bila kuzimuliwa.

Hapa sasa ndipo pa kufikiri. Joto chini ya 35.5 ni dalili ya hatari pia kwa sababu maambukizi makali ya kichanga mara nyingi huja na baridi badala ya homa. Mtoto wa saa moja aliyezaliwa kwenye nyuzi 17 ana sababu ya wazi. Lakini akipashwa vizuri na asipande nusu nyuzi kwa saa, au akapanda kisha akashuka bado yuko kifuani, au anapumua mara 60 na zaidi, kifua kinaingia ndani, amegoma kunyonya, ana degedege, msilaumu tena hali ya hewa. Dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini (dawa za kuua bakteria) kwa mwongozo wa taifa, na rufaa. Chini ya 32 ni rufaa moja kwa moja, huku akipashwa kwenye woma mpaka gari lifike.

Visivyotakiwa: chupa za maji ya moto ubavuni mwa mtoto. Mtoto aliyepoa hana mzunguko mzuri wa damu kwenye ngozi, anaungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida. Na upande wa pili, mtoto wa 37.8 aliyevalishwa sweta tatu juani, punguza nguo na upime tena baada ya nusu saa kabla ya kumwita mgonjwa. Parasetamoli haina kazi hapo.

Njiti na wote walio chini ya kilo 2.5 wana njia yao. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kangaroo (mtoto kufungwa kifuani ngozi kwa ngozi kwa saa nyingi) ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, bila kusubiri mtoto awe imara, isipokuwa aliye kwenye mshtuko, asiyeweza kupumua mwenyewe au anayehitaji mashine ya kupumulia. Msingi mkubwa ni utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Muhimbili ilishiriki, uliotoka 2021. Watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799 walioanza kangaroo mara moja walifariki asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 ya waliosubiri mpaka watulie.

Mkao: wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, mapaja yametanuka kama chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo. Ukingo wa juu wa kitambaa cha kufungia ufike chini ya sikio. Nepi, kofia na soksi tu. Kikifungwa juu zaidi uso unazama. Kikifungwa chini kichwa kinaanguka na shingo inakunjika. Joto lipimwe kila saa 6 mpaka siku 3 mfululizo zipite bila kushuka, kisha mara mbili kwa siku.

---

KlinikoNyandarua

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kinangop, Kenya, baridi twaijua vizuri, niongeze mambo mawili tu, safari na upasuaji.

Safari ya saa mbili mtoto asiwekwe kwenye boksi wala kwa mikono ya muuguzi. Afungwe kangaroo kwa mama, mama akae nusu wima, mkanda wa gari upite chini ya mtoto. Mama akiwa hawezi, baba au shangazi afunue kifua. Mhimize dereva awashe hita dakika 15 kabla, na madirisha yafungwe kabla mtoto hajatoka wodini. Mpashe kwanza mpaka angalau aanze kupanda, msikimbilie barabarani na mtoto wa 34 akiwa na nepi iliyolowa. Pima akitoka, pima akifika, mwandike zote mbili kwenye barua ya rufaa. Ambulensi isiyo na namba mbili haijulikani ilimsaidia ama ilimwongezea.

Aliye chini ya kilo 1.5 na anapelekwa kwenye woma: usimkaushe mwili. Mtie mara moja, akiwa na unyevu wake, ndani ya mfuko safi wa plastiki unaopitisha mwanga, mpaka shingoni; kausha kichwa peke yake na umvike kofia. Mfuko huzuia maji kuvukiza na miale ya woma hupita. Usifungue kusikiliza moyo, stethoskopu hupita juu ya plastiki. Uso usifunikwe kabisa. Kuna wanaoogopa kwa kuwa mifuko ilipigwa marufuku, Kenya Agosti 2017 na kwenu Juni 2019, lakini vifungashio vya huduma za afya kwenu vimeruhusiwa, kwa hivyo agizeni kupitia stoo ya dawa, si dukani.

Upasuaji: theta hupozwa kwa ajili ya madaktari waliovaa gauni mbili. Kabla ya kukata, kiyoyozi kizimwe na chumba kiongezwe joto. Mama wa sindano ya mgongo yuko macho, mtoto anaweza kulazwa akivuka kifua chake, upande wa kichwani wa kile kitambaa cha kutenganisha, muuguzi amshikilie. Akilazwa usingizi kabisa, baba afunue shati nje ya mlango. Wazee huona haya mara ya kwanza tu.

---

Sista_Nyanda

Ahsanteni sana. Woma tumeanza kuiwasha mapema, na kanga mbili zinakaa juu yake. Swali la mwisho kwa Mwalimu: mabibi wanataka mtoto aogeshwe siku ile ile kwa sababu ya damu na ule utando. Na mama anayekuja na kanga moja tu, mnamfanyaje?

---

MwalimuMkunga

Mabibi usibishane nao mbele ya mama. Damu na kinyesi cha kwanza vifutwe kwa pamba au kitambaa cha maji ya vuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine, huku kwingine kumefunikwa, na bibi mwenyewe ashike kitambaa. Utando mwambie utaingia kwenye ngozi wenyewe. Mkikwama kabisa, mvute angalau mpaka saa 6 zipite na joto lisome 36.5 au zaidi, ndipo aogeshwe haraka, chumba cha joto, akaushwe na kurudi kifuani. Lakini piganieni kwanza saa 24, wengi hukubali.

Kuhusu kanga: wekeni akiba ya leba, vipande vya flaneli vya mita moja kwa mita moja, viwili kwa kila uzazi, vifuliwe hapo kituoni na vihesabiwe kila zamu kama mnavyohesabu mikasi. Visitoke kwenda wodini. Mama akiwa na kipande kimoja, flaneli ndiyo ya kukaushia na kanga yake ndiyo ya kufunikia, msifanye kinyume, maana ataondoka nayo ikiwa kavu.

Na kofia. Nyingi huvikwa nywele zikiwa bado zina maji, kofia inalowa ndani ya dakika chache na hakuna anayeitazama tena kwa sababu kwenye fomu imeshatikiwa. Kila mtoto awe na mbili. Ya kwanza ivuliwe dakika ya 15, unapopita kugusa nyayo, na ivikwe kavu.